Upepo wa Saa Nane

Bukavu, tarehe 9 février 1984

Mdogo wangu Venant,

Salamu nyingi kutoka Cimpunda. Kwanza nikuulize habari za mwili: baridi ya huko inakutendeaje, na kile kifua chako cha utotoni kimepona? Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Maman Godelive anaumwa magoti asubuhi, ikifika mchana anasahau kama yanamuuma.

Najua barua hii itakushangaza. Tangu uondoke mwaka 1977 umemtumia maman kadi mbili, na mimi yaya yako, kaka yako mkubwa, hujaniandikia hata mstari mmoja. Nilipokuarifu mwaka juzi kwamba papa Stanislas ametutoka, hukujibu. Sikulaumu. Ila nisikudanganye: leo nakuandikia kwa sababu ya kazi. Nimesikia kwamba huko Ubelgiji unaunda matanki ya inox, kile chuma kisichoshika kutu. Hapa Bukavu hakuna wa kumuuliza.

Iko hivi. Sœur Constance, mtawa msimamizi wa kituo cha watoto wenye utapiamlo kule Kabare, ameletewa na wafadhili wake mashine ya TIG, ile ya kuunga inox kwa umeme, pamoja na chupa mbili za gesi ya argon. Anataka tanki la maziwa, lita mia tano. Wafugaji wa milimani wanaleta maziwa asubuhi, watoto wanayanywa mpaka jioni. Mafundi wengine walikataa. Mimi nikasema, jina la papa, Mushagalusa, limeunga milango ya nusu ya mji huu, litashindwa na tanki? Nikakubali kabla sijajua nimekubali nini.

Nilianza na tanki dogo la kujaribu. Mshono ukatoka wa kijivu, una vitundu kama mkate. Kwa ndani, upande wa nyuma, ni mweusi na umejaa magamba. Sœur alilijaza maziwa saa mbili asubuhi. Saa tano yalikuwa yameganda. Akaingiza mkono, akapapasa mshono kwa kidole, akaniambia: «Grégoire, hata tusugue namna gani, maziwa ya jana yatabaki humu.»

Chupa ya kwanza imekwisha kwa majaribio. Imebaki moja, na nyingine haiji kabla ya mwaka ujao. Nikiimaliza bure, watoto wale hawana tanki, na mimi sijui nitapitaje mbele ya Sœur. Gesi nimeiongeza sana. Nilianza na lita kumi kwa dakika, nikapanda kumi na tano, sasa niko ishirini na tano. Kila nikiongeza, kazi inazidi kuharibika. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Barua hii nimeivusha mto Ruzizi kuiposta Cyangugu, Rwanda, kwa maana posta yetu unaijua.

Yaya yako,
Grégoire


Seraing, tarehe 20 mars 1984

Kwa Grégoire,

Salamu. Mwambie maman niko mzima na kifua hakinisumbui.

Usifungue chupa ya pili. Iache ilivyo mpaka tumalize kuandikiana.

Argon haiwaki na haiunganishi kitu. Kazi yake ni moja tu, kukaa juu ya chuma kilichoyeyuka ili hewa isikiguse. Ule ukijivu ni hewa. Vitundu ni hewa. Magamba meusi ya ndani ni hewa pia. Kwa hiyo usijiulize uongeze gesi kiasi gani, jiulize hewa inapita wapi.

Niandikie mpira unaotoka kwenye chupa ni wa aina gani na una miaka mingapi. Ile buse, kikombe cha udongo kwenye ncha ya torche unayoshika mkononi, upana wake ni milimita ngapi? Sindano ya tungstène, ile inayotoa moto, inachomoza kiasi gani nje ya buse? Ukimaliza mshono unainua mkono mara moja au unangoja? Unafanya kazi saa ngapi? Na je, atelier, karakana ya papa, bado iko wazi mbele, bila ukuta?

Nijibu yote. Ukiacha moja siwezi kukusaidia.

Bisimwa V.


Bukavu, tarehe 17 avril 1984

Mdogo wangu Venant,

Salamu za Juma Kuu. Tumefurahi kusikia kifua kimepona. Maman amenisomesha barua yako mara tatu, halafu akaichukua akaangalia chini pale ulipotia sahihi. Akauliza: «Uyu Bisimwa V. ni nani? Miye nilizala Venant.» Nikamwambia ndivyo wanavyoandika Ulaya, jina lako la kienyeji mbele, la ubatizo herufi moja tu. Hakuniamini, lakini aliikunja barua akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Nakujibu kama ulivyotaka. Mpira ni ule wa gesi ya acetylene wa papa, unaukumbuka, mwekundu, sasa umepasukapasuka ngozi. Buse ni ya milimita sita. Sindano naichomoza sana, kiasi cha kidole gumba, kusudi nione ninapochoma. Nikimaliza nainua mkono mara moja, nani angengoja? Nafanya kazi siku nzima.

Na ukuta hakuna. Hili nalo usiniulize kama mgeni. Mteja wa Cimpunda analeta chuma chake mwenyewe, anakaa kwenye banc, lile benchi la wateja, anakikodolea macho mpaka kimekuwa mlango. Akigeuza shingo kidogo anaogopa umekibadilisha na kingine chembamba. Papa alijenga atelier wazi kwa ajili hiyo, na alikuwa akisema mwenye ukuta ana cha kuficha. Tangu yale mambo ya 1977 imezidi. Ukitundika hata gunia, mtu anakuja kuchungulia nyuma yake.

Banc yenyewe inajaa siku hizi, wanakuja kuangalia mashine mpya. Kwa vile TIG haipigi kelele wala cheche, hawaridhiki. Jana mzee mmoja aliniuliza kama inaunga kweli: «Fundi, iyi moto yako haina sauti. Iko inasude kweli, ao iko inatucheka?» Watu wote wakacheka, nami nikacheka nao, lakini ndani iliniuma.

Ikifika saa nane upepo wa ziwa unapanda kama siku zote. Unaingia mbele, unapita katikati ya atelier, unatokea nyuma kwenye jiko la maman. Ndiyo maana niliongeza gesi. Kwa moto wa acetylene, upepo ukija unaongeza, na moto unasimama. Nilidhani ni vilevile.

Chupa ya pili sijaigusa. Sœur amepita mara mbili kuitazama.

Yaya yako,
Grégoire


Seraing, tarehe 15 mai 1984

Kwa Grégoire,

Salamu kwako na kwa maman. Niko mzima.

Kosa lako la kwanza ni lile la kuongeza. Fungua bomba la maji kidogo: maji yanashuka kimya, yametulia. Lifungue lote: yanarukaruka, yanajaa hewa. Gesi nayo ni hivyo. Ukiipa lita ishirini na tano kwenye buse nyembamba inatoka kwa vurugu na inavuta hewa yenyewe, wala haihitaji upepo. Rudi lita nane. Tafuta buse pana, ya milimita kumi au zaidi. Sindano ichomoze milimita tano, isizidi. Shika torche karibu wima. Ukiilaza, unapuliza gesi upande mmoja na upande wa pili unabaki uchi.

Mpira wa papa utupe. Nunua mpya, uufunge vizuri, kisha upake povu la sabuni kila mahali mpira unapoungana. Povu likivimba, hapo panavuja, na panapovuja gesi kutoka ndipo hewa inapoingilia.

Ukimaliza mshono zima moto, lakini mkono usiuinue. Gesi iendelee kutoka juu ya chuma mpaka kipoe. Hesabu taratibu mpaka kumi na mbili.

Huku tuna kitu kinachoitwa diffuseur. Ni wavu laini unaokaa ndani, nyuma ya buse. Gesi inapita katika vitundu vingi inatoka imenyooka. Nikikutumia itaibiwa njiani. Ukipata wavu laini wa inox, kata viduara vitatu, uvipange ndani ya buse mahali sindano inapopita. Si sawa na cha dukani, lakini kinasaidia.

Upande wa ndani nao unataka gesi. Huwezi kulijaza tanki zima, chupa moja haitoshi. Pinda ukanda wa chuma uwe kama mfereji, uubandike nyuma ya mshono, uzibe ncha zake, uingize gesi kidogo, lita tatu au nne. Argon ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo iingilie chini na uache kitundu juu hewa itokee. Ngoja ijae ndipo uwashe.

Rangi ndiyo itakayokuambia ukweli. Mshono ukiwa wa fedha au wa nyasi kavu, ni mzuri. Bluu, ujihadhari. Kijivu, simamisha kazi.

Mwisho ni upepo. Bila kuuzuia, yote niliyoandika hapo juu ni bure. Fanya kazi kabla ya saa sita, na weka kizuizi.

Nimesoma ulivyoandika kuhusu banc. Mimi pia naikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Papa alinisimamisha mbele yake, wateja sita wameketi, akaniuliza karatasi ya inox ya mteja wetu Déogratias iko wapi, kwa sababu juma lile ufunguo wa atelier ulikuwa kwangu. Nikasema sijui. Déogratias akaniita mwizi. Papa akaniambia niondoke, nisirudi mpaka niirudishe. Wewe ulikuwa umesimama karibu na mashine ya kutoboa, na hukusema neno.

Kwa hiyo nina swali moja ambalo si la gesi. Ulijua karatasi ile iko wapi?

Bisimwa V.


Bukavu, tarehe 28 juin 1984

Mdogo wangu Venant,

Salamu. Tuko wazima. Kiangazi kimeanza, vumbi linatumaliza, na maman anakohoa kidogo lakini anapika kama kawaida.

Venant, ungekuwa hapa ningekubeba mgongoni! Mshono wa nyasi kavu nimeuona kwa macho yangu. Nimerudi lita nane kama ulivyosema, nikidhani ninapoteza chupa. Mpira mpya niliupata kwa Mwarabu wa Avenue ya soko. Kwenye povu la sabuni nilikuta mahali pawili panapovuja.

Wavu laini wa inox nao ulikuwepo nyumbani, ulikuwa chujio la chai la maman. Nililikata bila kumuuliza. Aliponikuta na mkasi mkononi akasema: «Basi majani ya chai tutatafuna kama mbuzi.» Tangu siku hiyo tunakunywa chai huku tunatema. Lakini gesi imetulia, ungeiona.

Mfereji wa ndani niliuziba kwa karatasi za gazeti na gundi ya unga wa muhogo. Mshono ukiisha namwagia maji, vyote vinalainika na kutoka. Sœur Constance alikuja, akapapasa kwa kidole mshono wa juu na wa ubavuni, akarudia mara ya pili polepole. Akasema: «Grégoire, hapa sisikii kitu.» Alimaanisha ni laini. Nilienda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu kidogo.

Sasa umebaki mshono wa chini, wa kuzunguka kitako. Ni mrefu. Nikianza alfajiri bado utanifikisha saa kumi, na kuukatisha katikati naogopa, kwa maana chupa imebaki na robo tu na kila kuanza upya kunakula gesi. Lazima upite saa nane, upepo ukiwepo. Nilitundika pagne ya maman, kitenge chake, mbele, ikapeperuka ikashika moto. Nikaweka makatoni, wateja wakayasogeza wapate kuona. Nifanye nini?

Maman anakusalimu sana. Anauliza kama unaenda misa.

Yaya yako,
Grégoire


Seraing, tarehe 30 juillet 1984

Kwa Grégoire,

Salamu. Mwambie maman naenda misa, si kila Jumapili.

Nguo haizuii upepo, inacheza nao. Simamisha karatasi ya chuma mbele ya kazi, upande wa ziwa, ikufikie kifuani. Atakayetaka kuona asimame, ataona juu yake. Hakuna atakayesema umejificha. Lakini usitumie bati lenye kutu. Kutu ina unga, upepo ukiupeperusha unaingia kwenye mshono wa inox, na baada ya miezi michache tanki litaanza kuota kutu lenyewe, maziwa yakiwa ndani. Tafuta karatasi safi isiyoshika kutu hata kidogo.

Umenijibu kila kitu isipokuwa swali moja. Sirudii kuliuliza.

Bisimwa V.


Bukavu, tarehe 11 novembre 1984

Mdogo wangu Venant,

Nakusalimu, na leo sitakawia kwenye salamu. Maman ni mzima.

Barua yako ya juillet ilinifikia août. Nimekaa nayo miezi mitatu. Si kwamba sikuwa na nafasi. Nimeanza kukujibu mara nne, na kila mara naandika habari za mshono naishia hapo.

Nilizunguka kutafuta karatasi isiyo na kutu. Huku kila bati lina kutu, unaijua mvua yetu. Nilienda Kadutu yote, nikashuka Nguba kwenye nyumba zinazojengwa, hakuna. Na muda wote huo nilijua kuna moja. Iko juu ya jiko la maman, bati la tatu kutoka ukutani.

Ndiyo hiyo, Venant. Ni ya Déogratias.

Jumapili ile mimi nilienda misa ya kwanza, nyinyi mkaenda ya pili. Ufunguo uliuacha kwenye msumari kama ulivyozoea. Nilikuwa nimesikia kwamba inox inaungika, nikataka kuwa fundi wa kwanza Cimpunda kuiunga, papa arudi anikute nimeshaiweza. Nikachukua baguette ya kawaida, ile fimbo ya kuungia milango, nikaikata karatasi katikati niiunge tena. Ikatoka nyeusi, imetoboka, imepinda. Uliyosoma katika barua yangu ya kwanza, mimi nilishayaona miaka saba kabla. Nikasikia kengele za kutoka misa. Nikaipaka goudron, lami ile ya barabara, pande zote mbili, nikapanda juu ya paa la jiko mahali palipokuwa pakivuja, nikaipigilia. Nilijiambia kesho nitasema.

Kesho yake papa alikuita mbele ya banc. Nilikuwa nimeshika ile mashine ya kutoboa. Nilikuwa na neno mdomoni na sikulitoa, na ulipokuwa unatoka na kile kimfuko chako nikasema nitamwambia papa jioni. Kisha nikasema Jumapili. Baadaye ukawa umeshafika Bujumbura, na mimi nikawa mkubwa wa atelier. Papa alimtengenezea Déogratias lango zima bure kufidia karatasi. Mimi ndiye niliyelipaka rangi. Naye maman alinibariki kwa kuwa jiko halivuji tena.

Kuna jambo ambalo ni baya zaidi, na kwako sitalificha. Mwaka wake wa mwisho papa alikuwa akilala kwenye mkeka uani, uso umeelekea jiko. Goudron ilikuwa imebanduka kwa jua na mvua. Siku moja akaniita, akanionyesha kwa kidevu, maana mkono haukuinuka tena. Akasema: «Grégoire, angalia ile bati ya tatu. Zingine zote zimeoza, ile iko inangaa. Andikia mudogo wako.» Hakunigombeza. Alifariki baada ya majuma sita, nami nilikuandikia kwamba amefariki, na lile alilonituma nililiacha. Naona aibu, Venant. Nimeona aibu miaka yote hii, nikaizoea, nikafikiri imepungua.

Mwezi uliopita nilipanda juu ya jiko nikaing'oa. Niliisugua goudron yote ikatoka. Haina kutu hata doa. Katikati kuna ile soudure, mshono wangu wa kwanza, nyeusi, ina magamba, inaonekana kutoka barabarani. Nimeisimamisha mbele ya atelier, upande wa ziwa, inanifika kifuani. Siku ya kwanza tu wateja wakaniuliza ilikotoka na aliyeiunga vibaya: «Fundi, hii karatasi umeitosha wapi, na nani aliisude mubaya hivi?» Nikawaambia ni mimi niliyeiharibu, na nikawaambia ilivyopotea na aliyefukuzwa kwa ajili yake. Niliwaambia waliokaa asubuhi, nikawaambia waliokuja mchana. Mpaka leo kila mteja mpya anauliza, na kila mmoja namwambia.

Déogratias alisikia huko Nguba akaja mwenyewe. Amezeeka, anatembelea fimbo. Aliketi kwenye banc, akaitazama, akasema: «Kumbe iko hii. Na ule mutoto nilimutukanaka bure mbele ya watu.» Nikamwambia aichukue, ni yake. Akajibu ibaki hapo hapo ilipo, kila mtu aione.

Maman nilimwambia kabla ya wote. Sasa mvua zimerudi, jiko linavuja juu ya mafiga. Nilileta bati jipya, akanikataza kupanda. Anasema atakayeziba si mimi.

Mshono wa chini niliuunga nyuma ya karatasi hiyo, tangu alfajiri mpaka saa kumi. Saa nane upepo ulikuja, niliusikia ukigonga inox mbele yangu, na moto haukutikisika. Ulitoka wa nyasi kavu kuzunguka kote, ila sehemu moja upande wa kushoto, urefu wa kiganja, ni wa bluu. Chupa iliisha nikiwa nahesabu kumi na mbili ya mwisho. Tanki liko Kabare tangu tarehe 22 octobre. Sœur ameleta habari kwamba maziwa ya asubuhi yanafika jioni hayajaganda.

Hukuniuliza tena, na mimi nimekujibu nimechelewa. Sikuombi kitu.

Yaya yako, kama bado unakubali niitwe hivyo,
Grégoire


Seraing, tarehe 4 février 1985

Yaya Grégoire,

Salamu kwako, na kwa maman salamu nyingi. Natumaini kikohozi kimemwacha. Hapa theluji imefika magotini na kifua changu kinavumilia.

Ile bluu ya upande wa kushoto ni upepo unaozunguka pembe ya karatasi. Karatasi ni fupi upande huo. Ongeza kipande cha sentimita arobaini, ukipinde kidogo kuelekea kwako. Sœur aichunguze sehemu hiyo kila mwezi kwa kidole. Isipobadilika ni salama.

Barua yako niliisoma kazini, saa ya mapumziko, kisha nikarudi kwenye mashine nikaharibu mshono mzima. Ni wa kwanza kuharibu tangu miaka minne. Chef, msimamizi wangu, aliniuliza kama naumwa. Nilisema hapana, halafu nikasema ndiyo, nikaenda nyumbani.

Nimekukasirikia miaka saba. Papa pia nilimkasirikia, nilipopata barua ya kifo chake niliiweka kwenye sanduku la viatu bila kuijibu. Sikujua kwamba aliagiza niandikiwe. Hilo ndilo ninalolisoma kila siku, yale mengine nimeshayapita. Ungeniandikia wakati ule, ningemkuta hai. Hasira hiyo bado ninayo, nitakuja nayo, na utanivumilia.

Congé yangu, likizo ya mwaka, inaanza tarehe 1 avril. Ile soudure nyeusi katikati ya karatasi usiiguse. Usiisugue kwa brosi wala usiipake kitu. Nataka kuikuta ilivyo.

Jiko la maman liache livuje mpaka nifike. Na umwambie asinunue chujio.

Mdogo wako,
Venant